Jibu: Kwa nini plasebo husaidia kwenye maumivu lakini si kwenye malaria?

Dada, umeuliza kwa nini plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, hutuliza maumivu lakini kwa malaria haifui dafu. Inategemea dawa inafanyia kazi wapi. Maumivu hupimwa na ubongo, na ubongo una kitulizo chake cha asili, endofini. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields, watafiti wa Marekani, waliwapa plasebo watu waliotoka kung'olewa magego. Walipowachoma naloksoni, inayozuia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini na endofini vilevile, waliokuwa wamepata nafuu wakaanza kuumia zaidi. Kimelea cha malaria hakijali matarajio ya mtu. Dawa ya malaria, artemeta-lumefantrini, hukiua, uamini usiamini.

Namna ya kutolewa nayo ina uzito. Kwa maumivu ya goti, sindano ya plasebo imeonekana kuleta nafuu kubwa kuliko kidonge cha plasebo. Binafsi sishangai: kwenye kliniki za mitaani hapa Kampala utamkuta mzee anakisukuma pembeni kidonge na kukunja mkono wa shati, anataka sindano. Ila mtoto akichemka, tafadhali sana, achomwe kidole apimwe damu siku hiyohiyo.