Maktaba za makabila Marekani na waandishi wa kijijini: niliyoyaona mwenyewe

Mkuu umeuliza maktaba za makabila ya wenyeji wa asili kule Marekani zinawasaidiaje waandishi wa kawaida na watu wasioona, na kama kitu hicho kinawezekana kijijini kwenu Ruvuma. Nilijitolea kwenye maktaba moja ya Wanavajo huko New Mexico karibu miaka miwili, kila Jumamosi, so nakujibu kwa niliyoyashika kwa mkono. (Na hili jina la Wahindi Wekundu tuliache jamani, Wanavajo wenyewe wanajiita Diné.)

Kwanza usiwaze jengo la vioo. Ni chumba kimoja, kompyuta sita, printa inayogoma kila ikijisikia, birika la kahawa, na nusu ya wateja wamefuata intaneti tu maana nyumbani haifiki. Hela nyingi zinatoka kwenye taasisi ya serikali kuu ya makumbusho na maktaba inaitwa IMLS, kuna ruzuku ndogo ambayo makabila yanayotambuliwa hayashindanii na kuna kubwa ya miradi ambayo hiyo mnagombania, halafu Machi 2025 rais akasaini amri ya kuipunguza taasisi yenyewe, kwa hiyo usijenge mradi wako juu ya mfadhili mmoja.

Sasa twende kwenye kazi. Bibi mmoja alileta madaftari matatu ya maisha yake ya kuchunga kondoo, Kinavajo na Kiingereza vimechanganyika. Mimi nikajiona fundi, nikayaskani yote, nikatengeneza PDF, tukachapa nakala thelathini na kupiga stepla, tukapongezana. Wiki iliyofuata akaja kijana asiyeona, akavaa hedifoni akafungua faili kwa NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini. Kimya. Akacheka akasema mmenipa picha ya kitabu.

Ikabidi nichape upya neno kwa neno, na bado haikutosha, maana Kinavajo kina herufi kama ł na ą́ na ile sauti ya kompyuta ilikuwa inazitafuna vibaya mno. (Breili, yaani nukta nundu za kusoma kwa vidole, ya Kinavajo ipo, iliandaliwa na mwalimu wao Carol Green, ila sisi hatukuwa na mashine ya kuichapa.) Mwisho tukamrekodi bibi akisoma mwenyewe. Na hapo ndo nilipojifunza, kwa sababu kila akifika pahali anasimama, anasema hapana hivi sivyo tunavyoongea, tunabadilisha sentensi, tunaendelea. Kitabu kilichotoka baada ya kurekodi ni kizuri kuliko kile cha madaftari, yaani tulikuwa tunamhangaikia kijana kumbe tunamhariri bibi.

Hadithi moja ya mbweha wao, coyote, bibi alikataa kabisa tusiirekodi maana ilikuwa Juni na zile husimuliwa majira ya baridi tu. Tukasubiri, na hata ilivyorekodiwa haikuwekwa rafuni, ukiitaka unaiomba. Jirani zao wa Jemez, kabila jingine la hapo New Mexico, ndo kabisa, wameamua lugha yao isiandikwe, na hakuna mradi utakaowabadilisha. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mzee kalamu muulize nini kisitoke nje, nani asikie, lini.

Kwenu mna nafuu, Kiswahili hakina herufi za ajabu na NVDA inakisoma, sauti ya kiroboti lakini inaeleweka. Kingoni au Kimatengo usitegemee, jaribu kwanza na msikilizaji mwenyewe kabla hujachapa hata nakala moja. Faili liwe la maandishi, siyo picha. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, ila tafuta chumba chenye magodoro au mapazia, na msianze mawingu yakiwa yametanda, mvua ikigonga bati rekodi yote imekwenda.