Kabla hujanunua upanga

Watu wakisikia najifunza upanga wa kale wa Ulaya, swali la kwanza huwa ni bei ya upanga. Usinunue bado. Vilabu vingi huwaazima wanaoanza panga za nailoni au za chuma, na mwanzoni kazi kubwa iko miguuni.

Pesa ya kwanza ipeleke kwenye glavu. Vidole huumia kirahisi, kwa kuwa mikono ndiyo iliyo karibu na mpinzani. Upanga wa mazoezi wa mikono miwili una kilo 1.5 hivi, butu kabisa, lakini ukishuka kwa kasi juu ya kidole gumba, glavu ya ngozi tupu si kinga. Tafuta zenye magamba magumu yanayofunika kila kidole mpaka kifundo cha mkono. Halafu kofia ya wavu yenye kinga ya kisogo. Zile za mchezo wa upanga wa Olimpiki huacha kisogo wazi, na huku kwetu mapigo huja kutoka pande zote. Koti nene na kinga ya shingo vifuate.

Mimi nafuata njia ya Johannes Liechtenauer, Mjerumani wa karne ya 14, yenye mikao minne ya msingi. Jaribu mmoja, Ochs: mpini juu kando ya kichwa, ncha ikimwelekea mpinzani usoni. Kaa hivyo mbele ya kioo, hata kwa fimbo ya ufagio. Muda si mrefu mabega yanawaka moto, viwiko vinatanuka, ncha inaanza kuzama. Hapo ndipo pa kurekebisha, kabla hujafikiria kupiga.

Sanaa hii imefufuliwa kutoka kwenye maandishi, hivyo kusoma hakukwepeki. Nakala nyingi ziko bure kwenye tovuti ya Wiktenauer. Mafunzo ya Liechtenauer yamo katika beti, nazo ni mafumbo matupu. Anayeanza namshauri amsome Joachim Meyer, mwalimu wa upanga aliyechapisha kitabu chake Strasbourg mwaka 1570 na anayeeleza kwa kirefu. Na dada zangu wanaoambiwa huu ni mchezo wa wanaume, tazameni hati ya I.33, kitabu cha kale cha mafunzo ya upanga kilichoko Leeds, Uingereza, ya karne hiyo hiyo ya 14: yumo mwanamke, Walpurgis, ameshika upanga na ngao ndogo.

Klabu ichague kwa kutazama mazoezi kwanza. Ukiona mkongwe anamtwanga mgeni kwa nguvu zote huku mwalimu akicheka, katafute nyingine.