Je, kila ndoto inayojirudia ni sauti ya Mungu?

SWALI: Mchungaji, nimeota mara tatu nikifunga kibanda changu Gikomba na kurudi Kitui. Nabii mmoja ataka shilingi 3,000 anifasirie. Nifanyeje? – Mama wa Kayole

JIBU: Mama, usimpe hata ndururu. Nabii Danieli alimwambia mfalme Belshaza abaki na zawadi zake, kisha akamsomea maandishi ya ukutani bure (Danieli 5:17).

Kujirudia pekee hakutoshi. Ndoto ya Farao ilirudiwa kwa kuwa Mungu alikwisha kuamua (Mwanzo 41:32), lakini Mhubiri 5:3 yasema shughuli nyingi nazo huleta ndoto, na biashara ikilegea akili hailali.

Ukiamka, kabla hujashika simu, andika tarehe, ulichokiona na kilichokusumbua jana. Maana iache kwanza. Wengi hukosea kwa kutoandika mapema, kwani ndoto ikisimuliwa mara kadhaa huongezwa chumvi. Kisha waeleze waumini wawili waliokomaa, wasiofaidika na uamuzi wako. Ndoto ikikuvuta mbali na Mungu, itupe hata ikitimia (Kumbukumbu la Torati 13:1-3).

Yusufu, mume wa Mariamu, aliambiwa waziwazi ndotoni akimbilie Misri (Mathayo 2:13). Wewe hujaagizwa chochote. Kibanda usikifunge bado.