Kipa wa barafu, au kipa wa barafuni?

SWALI: Ninaishi Montreal. Nimeombwa niandike kwa Kiswahili habari fupi ya tuzo ya Jacques Plante (kipa maarufu wa zamani wa mchezo wa magongo juu ya barafu), ile ya ligi ya vijana ya Quebec. Nikaandika: "Tuzo ya kipa mchanga wa barafu mwenye mabao machache." Mjomba wangu wa Tanga kaisoma, kacheka mpaka kakohoa, na kosa hataki kunionyesha. Pia, kile anachovaa kipa usoni ni kinyago au barakoa?

JIBU: Mjomba hakukosea kucheka, ila angekupa na sababu. Sentensi yako ina maneno tisa, na matatu kati yake yanakusaliti.

Tuanze na "mchanga". Mtoto mchanga ni yule wa kubebwa. Wachezaji wa ligi hiyo wengi ni wa miaka 16 hadi 20, wengine wana ndevu. Hata "chipukizi" sikushauri, maana chipukizi ni anayeanza, na hawa wameshaiva. Ujana ni wa ligi, basi uache huko huko: kipa wa ligi ya vijana. (Kipa, golikipa, mlinda mlango, yote sawa. Magazeti ya michezo ya Tanzania hupenda nyanda, na Wakenya husema mnyakaji.)

La pili ni "wa barafu". Kikombe cha bati kimetengenezwa kwa bati, nyumba ya mawe imejengwa kwa mawe. Kipa wa barafu naye, jua likitoka, tutamkuta dimbwi. Kinachokosekana ni herufi mbili tu: -ni. Tunasema samaki wa baharini, si samaki wa bahari, kwa kuwa tunataja anakoishi. Kwa hiyo mpira wa magongo wa barafuni, au hoki ya barafuni ukitaka ufupi.

Najua kuna atakayeuliza: mpira gani, na mchezo wenyewe hauna mpira? Wanachokipiga ni kisahani kinene, upana wake kama sentimita 7.6 na unene sentimita 2.5. Lakini kisahani hicho kimetengenezwa kwa mpira, ule ule wa matairi na kandambili. Neno letu lilikuwa la utomvu na mti wake kabla halijawa la kitu cha duara, kwa hiyo hapa limerudi kwao.

Sasa kosa kubwa. "Kipa mwenye mabao machache" kwa mpenzi yeyote wa soka ni kipa aliyefunga mabao machache, labda ya penalti. Wewe unataka aliyefungwa. Msimamo wa ligi magazetini huandikwa mabao ya kufunga na mabao ya kufungwa, na kati ya sifa na aibu kuna -w- moja. Wapo wanaosema "kuruhusu bao". Mimi silipendi hilo: kipa haruhusu kitu, anapigana mpaka dakika ya mwisho. Ila ukitumia kufungwa usilitaje bao mbali. "Kipa aliyefungwa kidogo" atadhaniwa ametoka gerezani juzi.

Halafu "machache" yenyewe haitoshi. Kipa wa akiba aliyecheza mechi mbili atakuwa amefungwa machache kuliko wote, na hastahili kitu. Tuzo hii huenda kwa wastani: mabao aliyofungwa yanazidishwa kwa 60, yaani dakika za mechi moja, kisha yanagawanywa kwa dakika alizocheza. Aliyefungwa mabao 100 katika dakika 2,400 ana wastani wa 2.5. Wala usikimbilie "kipa bora" kama njia ya mkato. Hata kwa wakubwa, katika ligi ya NHL, wameyatenganisha. Tuzo ya Vezina, ambayo Plante aliichukua mara saba, zamani ilifuata hesabu ya mabao. Tangu msimu wa 1981-82 mameneja wa timu ndio wanaopiga kura kumtafuta kipa bora, na hesabu ya mabao ikapewa tuzo yake nyingine, ya Jennings.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Kila mwaka, Tuzo ya Jacques Plante hupewa kipa aliyefungwa mabao machache zaidi kwa wastani katika ligi ya vijana ya hoki ya barafuni ya Quebec." Ni ndefu, lakini haichekeshi.

Kuhusu usoni: kinyago ni cha kuchonga, au cha ngoma na kutishia watu. Barakoa kwa watu wa pwani na Oman ilikuwa ya wanawake, ya kusitiri uso; korona ikaja ikaifanya ya kila mtu. Plante aliivaa ili asiumie. Tarehe 1 Novemba 1959, jijini New York, kisahani kilichopigwa na Andy Bathgate kilimchana uso. Akaenda kushonwa, akamwambia kocha harudi barafuni bila kitu usoni. Kocha hakupenda, ila hakuwa na kipa mwingine wa maana. Aliporudi amejifunika, watazamaji huenda waliona kinyago. Wewe andika barakoa.