Jibu: Je, kodi ya kaboni humwonea mwenye kipato kidogo?

Ndugu, umeuliza kama kodi ya kaboni, yaani kodi inayotozwa mafuta yanayotoa hewa ya ukaa yanapochomwa, haimkandamizi mnyonge kuliko tajiri. Kwa maoni yangu, haki ya kodi hii hutegemea zaidi mahali fedha zinakopelekwa kuliko kiwango chenyewe. Ni kweli kwamba mwenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kununua nishati, hivyo bei ikipanda yeye ndiye huumia kwanza. Lakini tajiri huchoma mafuta mengi zaidi, kwa hiyo makusanyo yakigawanywa sawa kwa kila mtu, kaya nyingi za kipato cha chini hupokea zaidi ya zilichotoa.

Uswisi hurudisha takriban theluthi mbili ya makusanyo kwa wananchi na kampuni, na mgawo wa mwananchi hupunguzwa katika ada yake ya bima ya afya. Ufaransa ilipopanga kupandisha kodi ya mafuta bila mgawo wa aina hiyo, waandamanaji wenye vizibao vya njano walijaa barabarani mwishoni mwa 2018, na nyongeza ikafutwa.

Kuhusu hofu kwamba kodi hii hudhoofisha uchumi, Uswidi imetoza kodi hii tangu 1991 na uchumi wake umeendelea kukua, ingawa viwanda vyake vilipewa nafuu kwa miaka mingi. Kikwazo kikubwa, naona, ni siasa: Kanada ilirudisha fedha kwa kaya, na bado ikawaondolea watumiaji kodi hiyo mwaka 2025, kwa sababu bei ya mafuta huonekana kituoni kila siku, ilhali mgawo huingia benki kimyakimya.