Okonkwo alijinyonga, sasa alishindwa?

SWALI: Jambo mwalimu. Mi ni mwanafunzi hapa Lubumbashi, mu klasi tunasoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe, wanasema ni kitabu cha kupinga ukoloni. Lakini Okonkwo, yule shujaa wa kitabu, mwishoni anajinyonga na wazungu wanabaki! Kwangu ile ni kushindwa tu, ao ndo sikuelewa?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Jambo mwanangu. Umeelewa vizuri, Okonkwo anashindwa kweli na sitaki mtu akufiche hiyo. Ila angalia anashindwa namna gani: anamkata tarishi wa wazungu kichwa pale mkutanoni, anangoja wenzake nao waruke, na wao wanawaacha matarishi wengine wakimbie, anasikia watu wanaulizana kwa nini amefanya vile. Pale pale anajua Umuofia, kijiji chake, haitapigana. Kamba inakuja baadaye, uchungu wenyewe ni ile dakika.

Halafu ukurasa wa mwisho usome pole pole! Mkuu wa wilaya, mzungu, anawaza kitabu anachotaka kuandika, anaona habari ya huyu mtu itajaza sura nzima, hapana, labda aya moja. Aya moja! Na wewe umetoka kusoma kitabu kizima juu yake, kimeandikwa mu 1958 na mtoto wa Waigbo, kabila la Okonkwo mwenyewe. Mi naona kupinga kwenyewe kuko hapo.

Sasa tafuta kitabu cha Ousmane Sembène, mwandishi wa Senegal, Les Bouts de bois de Dieu ya 1960, juu ya ule mgomo wa reli ya Dakar-Niger, 1947 mpaka 1948. Kule hakuna mtu mmoja na panga lake, Bakayoko, kiongozi wa mgomo, yupo ndiyo lakini wamama ndo wanabeba mgomo: maji yamekatwa, mchele hakuna, watoto wanalia njaa, Ramatoulaye anachinja kondoo dume wa kaka yake tajiri anayesimama na wakubwa, na wanawake wanatembea kwa miguu toka Thiès mpaka Dakar. Na mgomo unashinda.

Mi kile kitabu kinanigusa sana sababu Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waligoma hapa hapa kwetu kudai mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakapigwa risasi, Léonard Mpoyi akafa mule na wengine wengi. Uliza wazee wa kwenu Katuba walisimuliwa nini na baba zao, andika majina watakayotaja, utuletee tuyachape hapa.