Nani Huketi katika Kamati ya Miundombinu ya Bunge?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Katika mkutano wa chama chetu cha msingi, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba barabara yetu ya Masasi imechelewa kwa sababu mbunge wetu hayumo katika Kamati ya Miundombinu, na kwamba inatupasa kumwandikia Spika amwingize. Naomba kujua wajumbe wa kamati hiyo huteuliwa na nani, na kama kweli mbunge akiwamo humo lami hufika mapema.

Mkulima, Newala

JIBU: Marahaba, ndugu mkulima. Nianze na uteuzi, kwa kuwa hapo mwenzenu alikuwa karibu na ukweli. Ibara ya 96 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kuunda kamati zake, na Kanuni za Kudumu za Bunge ndizo zinazoeleza jinsi ya kuzijaza. Kila mbunge huonyesha kamati anazopendelea, kisha Spika huteua, akiangalia mapendekezo hayo pamoja na ujuzi wa mbunge, jinsia, vyama, aina za wabunge na pande mbili za Muungano. Mawaziri na manaibu wao hawawi wajumbe wa kamati za kisekta, yaani zile zinazosimamia wizara, kwa sababu wao ndio wanaokuja mbele ya kamati hizo kuhojiwa. Ujumbe hudumu nusu ya uhai wa Bunge, yaani miaka miwili na nusu, halafu kamati hupangwa upya. Barua yenu kwa Spika haikatazwi, ila anayetarajiwa kuomba nafasi hiyo ni mbunge mwenyewe, na angeombwa na nyinyi kabla ya kupanga mapendekezo yake, si baada ya majina kutangazwa.

Mwenyekiti na makamu wake huchaguliwa na wajumbe wenyewe kutoka miongoni mwao. Kazi ya mwenyekiti ni kuongoza vikao na kusoma bungeni maoni ya kamati baada ya waziri kuwasilisha makadirio yake, wala kiti hicho hakimpi funguo za hazina. Kwa miaka kadhaa kamati hii iliongozwa na Selemani Kakoso, mbunge aliyetoka Katavi, na kama uenyekiti ungekuwa unagawa lami, sidhani kama wasafiri wa huko wangekuwa bado wanalalamikia vumbi.

Mwenzenu alipoteleza ni pale alipodhani kwamba kamati hugawa barabara. Kipande chenu cha Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, chenye kilomita 160, kilipata fedha kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao Serikali ndiyo iliyoukopa, na anayesimamia ujenzi ni TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu na za mikoa. Kamati huingia kwa njia nyingine. Kabla ya Bunge la bajeti kuanza mwezi wa Aprili, wajumbe hutoka kukagua miradi, kisha huwaita mawaziri wa Ujenzi na wa Uchukuzi (wizara hizo zilitenganishwa mwaka 2023) na kuwauliza kwa nini fedha zilizopitishwa mwaka jana hazikufika zote kwa mkandarasi.

Niliwahi kufuatana na ziara ya namna hiyo. Wabunge walishuka kwenye basi dogo wakiwa na viatu vilivyong'arishwa, mhandisi akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari na kuushikilia kwa viganja viwili usipeperushwe na upepo wa kusi, na kwa nusu saa nzima mazungumzo yakawa ya kalavati na fidia. Swali lililomtoa mhandisi jasho liliulizwa na mbunge wa kanda nyingine kabisa, aliyekuwa ameisoma taarifa ya mradi na kugundua kwamba tarehe ya kumaliza kazi ilikuwa imesogezwa mara mbili. Ndiyo maana nasema mjumbe makini kutoka mbali anaweza kuwafaa kuliko wa kwenu anayesinzia kikaoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wa kwetu hulichanganya. Ikiwa barabara inayowasumbua ni ile ya kutoka kijijini hadi ghala la korosho, hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ambayo inasimamiwa na kamati nyingine ya Bunge. Mkipeleka kilio cha kalavati la kijiji kwa Kamati ya Miundombinu mtaambiwa kwa upole kwamba mmebisha mlango wa jirani. Mahali ambapo barabara za aina zote mbili hujadiliwa mezani pamoja ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, katibu wake ni meneja wa TANROADS wa mkoa, na wabunge wa mkoa ni wajumbe wake. Humo mbunge wenu tayari ana kiti. Muulizeni alisema nini katika kikao kilichopita.

SWALI: Mdogo wangu anasoma Nebraska, Marekani, naye ananiambia kwamba kule mtu yeyote huingia kwenye kamati ya usafiri ya jimbo na kusema lake. Je, na sisi tunaruhusiwa?

Msomaji, Lindi Mjini

JIBU: Mdogo wako hakudanganya. Bunge la Nebraska lina chumba kimoja chenye maseneta 49. Wenyeviti wa kamati, ikiwamo ile ya Usafiri na Mawasiliano, huchaguliwa kwa kura ya siri ya bunge zima, na kila muswada lazima usikilizwe hadharani kabla ya kuendelea.

Kwetu milango ipo, ila hufunguliwa kwa mwaliko. Kamati inapopelekewa muswada inaweza kuwaita wadau na wananchi watoe maoni, na ndivyo ilivyokuwa Juni 2023 kuhusu makubaliano ya bandari baina ya Tanzania na Dubai, ambapo lawama kubwa ilikuwa muda mfupi mno kati ya tangazo na kikao cha Dodoma. Kwa mtu wa Lindi muda huo hautoshi hata kwa safari, sembuse mwaka 2024, wakati mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Kwa bahati nzuri maoni ya maandishi hupokelewa pia. Yaelekeze kwa Katibu wa Bunge, taja jina la muswada na kifungu unachokilenga, na uyatume siku hiyohiyo unapoliona tangazo.